Ruth anasikiliza: uigizaji katika A Raisin in the Sun

Watu wengi wanajua jina la Sidney Poitier, hata wenye hawajaona filme yake hata moja. Ndiyo maana A Raisin in the Sun ya mwaka 1961 inaitwa kila mahali filme ya Poitier. Mimi nimeiangalia mara tatu mwezi huu, na kila mara macho yangu yanaenda kwa yule mwanamke mwenye haongei sana: Ruby Dee, anayecheza Ruth, bibi ya Walter.

Kwa wenye hawajaiona: ni filme nyeusi na nyeupe, na karibu yote inapita ndani ya nyumba moja ya kupanga, upande wa kusini wa mji wa Chicago. Watu tano wa jamaa moja. Mtoto analala kwenye kanape ya saloni, na kwa kuoga wanangojana zamu na majirani. Baba amekufa, sasa pesa ya asiransi yake inakuja, dola 10.000. Mama Lena anataka nyumba. Walter, mwanawe, dereva wa tajiri mmoja mzungu, anataka kufungua duka la pombe na marafiki. Beneatha, dada yake, iko universite, anataka kuwa daktari. Kila mtu ana haki yake, na pesa ni moja. Nafikiri hapa kwetu hakuna mtu anayehitaji maelezo zaidi juu ya ile hali.

Sasa tuangalie asubuhi ya kwanza. Walter anaongea juu ya mpango wake, anaongea, anaongea, na Ruth anamwambia tu akule mayai yake, yanapoa. Mchezaji wa kawaida angesema ile neno kwa hasira, au kwa kudharau. Ruby Dee anaisema kama mtu mwenye ameamka amechoka. Anasikia kila kitu, ameshasikia mara mia, na hana tena nguvu ya kubisha. Kisha mtoto anaomba senti 50 za masomo. Mama anamunyima juu hazipo. Baba anamupa, na anaongeza zingine, ili aonekane baba. Dakika chache nyuma, huyo baba anarudi kwenye mlango: hana pesa ya transporti, anaomba bibi yake. Poitier anacheza ile aibu vizuri sana, lakini uangalie Ruth anapotoa pesa. Hacheki kwa kumshinda. Ni pale unajua kwamba bado anamupenda.

Mimi naona kwetu tumezoea kupima uigizaji kwa machozi na sauti. Anayelia sana, tunasema amecheza. Ruth analia mara chache, kazi yake kubwa ni kusikiliza. Ana mimba, na ameshalipa dola 5 za kwanza kwa mwanamke mmoja ili aitoe. Mama Lena anapomwambia Walter ile habari, anangoja mwanawe aseme neno, aseme hapana. Walter ananyamaza na kutoka. Mimi sijaona mara nyingi kimya yenye kuumiza hivyo.

Poitier mwenyewe, niseme ukweli, mara zingine anacheza kubwa sana. Anarusha mikono kama anatafuta mtu wa kiti cha mwisho kule nyuma. Inaeleweka: hii ilikuwa tiatre mbele ya kuwa filme. Ilianza Broadway mwaka 1959, na wakubwa wane wa filme, yaani Poitier, Claudia McNeil, Ruby Dee na Diana Sands, wametoka wote kwenye ile tiatre. Daniel Petrie, aliyeongoza filme, hakujisumbua sana kuificha. Lakini faida ni kubwa kuliko hasara. Hawa watu wanajua namna ya kukatana neno, namna ya kupita nyuma ya mwingine kwenye jiko ndogo bila kumuangalia, sawa watu wa nyumba moja.

Halafu kuna McNeil. Anacheza mama ya Poitier, na amemupita miaka kumi tu! Poitier aliandika baadaye kwamba hawakupatana juu ya jambo moja: ile historia ni ya mama au ni ya mtoto? Ule ugomvi unauona mbele ya kamera, na mimi nashukuru haukuisha. Walter anapokubali kwamba pesa zote zimekwenda, dola 6.500 alizopewa, hata zile za masomo ya dada yake, juu hakufika hata banki, McNeil anabaki kwanza anamuangalia kama mgeni mwenye ameingia nyumbani kwake. Kisha anampiga. Ule muda kati ya kuangalia na kupiga, hapo ndipo filme yote iko.

Na Beneatha? Bon, hapa inatugusa sisi wenye diplome. Diana Sands anacheza msichana mwenye akili, mwenye kuchekesha, na mwenye kiburi. Hatuombi tumupende. Masomo yake yameibiwa kweli, hasira yake ni ya haki, lakini anapomdharau kaka yake mpaka kusema si mtu tena, mama anamgeukia yeye. Anamuuliza kama alifikiri kupenda ni kwa siku nzuri tu. Sands hajibu kwa uso wa kutubu. Anabaki mgumu, na mimi nilikuwa upande wake, na bado nilisikia haya.

Neno dogo kando: Lorraine Hansberry, aliyeandika tiatre na filme, ndiye pia aliyeandikia New York Times mwaka ule ule wa 1961 kumtetea Lumumba wetu. Asagai, mwanafunzi kutoka Nijeria, anayechezwa na Ivan Dixon, anahubiri kidogo, lakini ukijua ile barua unamsikiliza kwa sikio lingine.

Mwishoni Lindner anarudi, yule mzungu mpole anayetaka kuwalipa ili wasihamie mtaa wa wazungu. Ruth anataka kumfukuza mtoto, aende chini asione baba yake anajiuza. Bibi yake anasema hapana, abaki. Na Poitier, mwenye alipiga kelele filme nzima, anaanza kwa sauti ya chini, anatafuta maneno, mikono haijui pa kwenda. Anakataa pesa. Ni pale tu alikuwa mkubwa kabisa kwangu.

Lindner anatoka. Wengine bado wanaangaliana. Ruth ndiye wa kwanza kukumbuka kwamba wenye kubeba vitu wamefika, na anapiga kelele watoke haraka katika ile nyumba. Saa mbili karibu nilikuwa nangoja nisikie ile sauti yake.