Mbingu Ipi?

Niliandika neno "Mbingu" katika hazina moja kubwa ya video mtandaoni, nikaletewa kwaya na mahubiri. Mbingu ya bonde la Kilombero, yenye mashamba ya mpunga na stesheni ya TAZARA, haikuonekana. Reli hiyo ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na ujenzi wake ulipigwa picha za sinema. Lakini kipande cha Mbingu kikiandikwa "reli" tu, nani atakipata?

Kasoro ni ya faharasa. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kilianza mradi wa Informedia, uliounganisha maneno yasemwayo na picha zenyewe ili video iweze kutafutwa. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, sikio la mashine halisikii herufi kubwa ya "Mbingu". Na jicho lake likiona mpunga, halijui ni wa nani.

Nionavyo mimi, kila video iandikiwe kijiji, wilaya na mwaka, na mtu apajuaye mahali penyewe. Pasipo hayo, kuhifadhi ni kufukia: mali ipo, mwenyewe haipati.