Druidi Jikoni

Ukitaja Wadruidi, watu huona kanzu nyeupe, ndevu ndefu na mawe makubwa ya Stonehenge yakipigwa na jua la alfajiri ya Juni. Picha hiyo inapendeza magazetini ila ina kasoro moja: mawe yale ya kusini mwa Uingereza yalisimamishwa zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya maandishi ya kwanza yanayowataja Wadruidi, na waliowaozesha Wadruidi na mawe hayo ni watafiti wa mambo ya kale wa karne ya 17 na 18, hasa kasisi William Stukeley. Kuhusu Wadruidi wenyewe, waliokuwa makuhani, waamuzi na walimu wa Waselti, tunategemea habari za wageni, tena wengine walikuja na majeshi. Julius Caesar anasema masomo yao yaliweza kuchukua miaka 20, na kwamba waliona si halali elimu hiyo iandikwe. Mwandishi wa Kirumi Pliny Mkubwa anamweleza kuhani aliyepanda mwaloni, mundu wa dhahabu mkononi, kukata mmea unaoota juu ya matawi ya mti mwingine. Hakuna hata mmoja wao aliyepiga hodi kwa Mselti wa kawaida atazame mama na watoto walifanya nini msimu ulipogeuka. Basi anayetaka kuusifu Udruidi kwa ukale wake ana mtaji mdogo. Mimi nausifu kwa ufundi wake, na ufundi huo huonekana vizuri zaidi kwenye meza ya jikoni kuliko penye mawe.

Mwenye shaka ataanzia hapohapo. Atasema hii ni dini ya kughushi, na ushahidi anao. Mwaka 1792, juu ya Primrose Hill mjini London, mwashi kutoka Wales aitwaye Edward Williams, anayejulikana zaidi kama Iolo Morganwg, aliongoza kusanyiko la washairi alilodai limerithiwa tangu enzi za Wadruidi. Kumbe alilitunga mwenyewe, na hati za kulithibitisha akazitunga pia. Hata duara la sikukuu nane linalofuatwa leo ni changa: liliunganishwa miaka ya 1950 katika mazungumzo ya watu kama Gerald Gardner, mwasisi wa dini ya Wicca, na rafiki yake Ross Nichols, ambaye mwaka 1964 alianzisha shirika la Wadruidi lililopo hadi sasa. Walichukua siku nne za jua, yaani siku fupi kuliko zote, siku ndefu kuliko zote na mbili ambazo usiku na mchana hulingana, wakazipachika kati ya siku nne za zamani za Ireland: Samhain kuamkia Novemba, Imbolc tarehe 1 Februari, Beltane tarehe 1 Mei na Lughnasadh tarehe 1 Agosti. Mwanahistoria Ronald Hutton ameyaeleza haya kwa kirefu bila kumdharau yeyote. Lakini tazama kilichoghushiwa: ni nasaba na hati. Kazi za mikono za nyumbani hazikughushiwa. Mwaka 1942 Tume ya Ngano ya Ireland ilisambaza maswali nchini kote kuhusu sikukuu ya Mtakatifu Brigid, inayoangukia Imbolc, na mkesha wake, na majibu yakaja ya misalaba ya nyasi iliyosukwa nyumbani, ya kitambaa kilichoachwa nje usiku kucha kipate baraka, ya chakula cha jioni cha viazi na siagi. Taa za kuchonga za Samhain zilitengenezwa kwa tanipu, mzizi mgumu unaochosha kijiko na mkono, kabla wahamiaji wa Ireland hawajakutana na maboga ya Marekani. Ni kweli kwamba wakulima wale walikuwa Wakristo na hakuna aliyejiita Mdruidi. Familia ya Kidruidi ya leo inaazima kwao, na ikiwa na adabu itakiri hivyo. Hata hivyo, kwa kuazima huko imesimama juu ya udongo ulio imara kuliko wa Stonehenge.

Ufundi ninaousema unaonekana katika msalaba wa Brigid. Nyasi zake ni zile ndefu za kinamasi, kijani kwa nje na moyo mweupe laini ndani. Desturi inataka zing'olewe kwa mkono, zisikatwe kwa kisu. Unasimamisha unyasi mmoja. Wa pili unaukunja katikati, unaukumbatisha kwenye kiuno cha ule wa kwanza, ncha zake zikielekea kulia. Unaigeuza kazi yote robo duara kushoto, unakunja wa tatu juu ya ule wa pili, unageuza tena. Kidole gumba hakiondoki katikati, maana kikilegea kabla ya mzunguko wa tatu au wa nne, kitu chote kinafumuka. Ukiendelea, katikati panajitokeza mraba unaokua, na mikono minne inayotoka pembeni kama inataka kuzunguka. Ncha zinafungwa kwa uzi au kwa unyasi, zinapunguzwa zilingane, na msalaba unapachikwa juu ya mlango au kwenye boriti. Aliyeona wanawake wa pwani wakisuka ukili atatambua mara moja kinachoendelea: mkono unafikiri, mdomo uko huru kuzungumza. Ndiyo maana kazi hii inafaa familia. Mtoto wa miaka mitano anashika katikati, mkubwa wake anakunja, bibi anaeleza kwa nini Februari, mwezi wa baridi kali, iliitwa mwanzo wa majira mapya: kondoo wenye mimba wanaanza kujaa maziwa. Katika baadhi ya nyumba za Ireland misalaba ya miaka iliyopita haikutupwa, iliachwa darini mmoja baada ya mwingine.

Fundi hujulikana kwa mipaka anayokubali, na nyumba inaweka mipaka mikali. Wakati ni mfupi, maana kesho kuna shule. Mvua inanyesha. Mtoto akichoka haombi radhi, anaondoka. Hotuba inayovumilika mbele ya umati wa watu wazima hufia hapo mezani kabla ya sentensi ya tatu, na hiyo ni faida. Katika Gorsedd ya Wales, kusanyiko lililotokana na ubunifu wa Iolo, upanga mkubwa huchomolewa nusu mara tatu, na kila mara umati huulizwa kama kuna amani, nao huitikia kwamba ipo. Wadruidi wengi huanza ibada kwa namna ya sehemu hiyo. Ikifika nyumbani, upanga unapotea. Anabaki mtoto anayegeukia kaskazini, kusini, mashariki na magharibi akiutakia amani kila upande, pengine akikosea mashariki ni wapi. Kwangu mimi toleo la nyumbani ndilo bora, kwa sababu halina cha kujificha nyuma yake. Kanzu za kununua na mishumaa ya bei mbaya ningeziacha dukani. Siku fupi ya Desemba inataka kitu kimoja tu: taa zote zizimwe kwa muda, halafu mdogo wa wote awashe mshumaa wa kwanza. London siku hiyo jua hukaa angani chini ya saa 8, wakati Juni hukaa zaidi ya saa 16 na nusu. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta, ambako jua linachomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, inabidi tujitahidi kumwaza mtoto anayekwenda shule gizani na kurudi kunakuchwa, kabla hatujaicheka familia inayowasha mshumaa kumwambia kwamba siku zitaanza kurefuka.

Pingamizi zito zaidi ni la dini. Caesar aliandika kwamba Wadruidi walisimamia kafara za watu. Wasomaji wengi watauliza jina kama hilo linatafuta nini karibu na watoto. Caesar alikuwa anaiteka nchi ya watu aliowaeleza, kwa hiyo neno lake lina uzito wa neno la adui, ingawa silifuti. Alichokisema hakimo katika Udruidi wa sasa, ambao mwaka 2010 Tume ya Misaada ya Uingereza na Wales iliutambua kwa kuusajili mtandao wake mmoja kuwa taasisi ya hisani ya kuendeleza dini. Kuhusu kumlazimisha mtoto imani, kila nyumba yenye dini inashtakiwa hivyo, na ya Kidruidi haina dhambi ya ziada. Zaidi ya hayo, kazi za mikono hazina wivu kama itikadi. Msalaba uleule husukwa na Mkatoliki kwa ajili ya mtakatifu na pia na Mdruidi kwa ajili ya mungu wa kike mwenye jina hilohilo, na tangu 2023 watu wa Jamhuri ya Ireland wana siku ya mapumziko kwa heshima ya Brigid bila kuulizwa wako upande gani. Makunduchi, Unguja, Waislamu huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai, wakichapana kwa migomba na kuchoma kibanda, kwa hesabu ya mwaka wa jua inayohusishwa na Nairuzi ya Uajemi. Wenyeji hawaiachi eti kwa kuwa mizizi yake ilivuka bahari.

Lipo pingamizi moja ambalo nalikubali nusu: kwamba kalenda hii ni ya kisiwa kimoja cha kaskazini, na nje ya hapo inageuka maigizo. Wadruidi wa Australia walilazimika kulijibu. Wengi wao wameligeuza duara, Samhain ikaenda mwisho wa Aprili na siku fupi ikasherehekewa Juni, kwa kuwa kuwasha moto wa kuita jua katikati ya joto la Desemba ni kichekesho. Kugeuza huko peke yake hakutoshi, maana misimu ya Queensland si ya Wales iliyopinduliwa, na penye misimu miwili ya mvua na kiangazi sikukuu nane hazina pa kukaa. Familia iliyoko huko ina kazi ya kutazama nje kwanza: mti upi unachanua, ndege gani wamerudi, mvua inatarajiwa lini. Ikikuta kwamba mwaka wake una siku tatu zenye maana, basi ishike tatu, na zile tano iwaachie wenye theluji.