Walezi wa Ndovu wa Voi

Ni kazi ya ajabu kulea ili uachwe. Pale Voi, ndani ya Tsavo Mashariki, walezi wa shirika la Sheldrick, lililoanzishwa 1977, hutoka na ndovu yatima kila asubuhi. Kutwa huwaangalia wakikwanyua majani. Adhuhuri ni maziwa na kugaagaa topeni, jioni zizini. Hawamfukuzi yeyote. Baada ya miaka, ndovu mwenyewe hulala nje na wenzake wa mwituni, akarudi, akaondoka tena, mpaka akazoea. Emily, ndovu aliyekulia hapo, alipozaa alimleta mwanawe walezi wamwone. Hongera zao, tena katika kaunti ambako wakulima wengi (na wana haki) humjua ndovu kwa mahindi aliyowamalizia shambani.