Siku Ambazo Hakikuuma

Mama amejifunga kipande cha kitenge kichwani, fundo limekazwa juu ya paji la uso. "Kichwa inaluma, docta. Kila siku." Aliyeketi mbele yake ni muuguzi, lakini hapa Kasapa, Katanga, kila mwenye koti jeupe ni docta, naye hasahihishi. Analaza kalamu mezani na kusikiliza. Benchi la nje limejaa, wanafunzi wanapita kuelekea chuo kikuu, na kalamu haiinuki mpaka mama amalize.

Kisha linakuja swali lililonifanya nisogeze kiti. Haulizi kichwa kimeuma siku ngapi, anauliza ni lini hakikuuma. Mama anafikiri. Jumapili moja, baada ya misa. Na siku ya harusi ya mdogo wake. Muuguzi anachora miraba 30 kwenye karatasi, anaacha miwili wazi, iliyobaki anaijaza kwa penseli. Anauliza pia kuhusu mwezi uliotangulia, na ule wa kabla yake. Siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3: hapo ndipo wataalamu huyaita maumivu sugu ya kila siku. Jina hilo ni kapu tu. Ndani yake mna kipandauso kilichokomaa, mna maumivu ya mkazo, mna mengine.

Maswali ya hatari anayapitisha kwa sauti ileile, kana kwamba anauliza bei ya unga. Kilianza ghafla, kama pigo? Kuna homa? Kutapika asubuhi? Umekonda? Una mimba? Umewahi kupima virusi? Kwa mtu aliyevuka miaka 50 angegusa pia mishipa ya kando ya paji, kuona kama imevimba au inauma. Mama huyu amekwisha kutibiwa malaria mara mbili mahali pengine, bila tone la damu kupimwa. Kichwa cha miezi minne kisicho na homa hakifanani na malaria, ila malaria huku husingiziwa mengi.

"Usiku mbabula munaweka wapi?" Ni mwezi wa saba, baridi ya Katanga imeingia mpaka kwenye matofali, na wapo wanaolala na mbabula, jiko la makaa, likiwaka huku mlango umefungwa. Moshi usioonekana wa makaa huamsha nyumba nzima na kichwa kizito. Mama anajibu kwamba mbabula hubaki nje, na watoto hawalalamiki. Hilo linawekwa kando.

Presha anaipima mkono ukiwa umelazwa mezani, usawa wa moyo, mara mbili. Anamwinamisha kidevu kuona kama shingo ni ngumu. Halafu anavuta pazia na kuchukua kifaa cha kutazamia ndani ya jicho. "Mama, angalia ule musumari ku ukuta, usiuache." Anamkaribia kwa upande, jicho lake la kulia kwa jicho la kulia la mama, polepole, mpaka nyuso zinakaribia kugusana. Anatafuta mahali mshipa wa fahamu wa jicho unapoingilia, duara dogo la manjano hafifu. Ukingo wake ukiwa umevimba na kufifia, huenda shinikizo limepanda ndani ya fuvu, na mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Anakawia. Anahamia jicho la kushoto, anakawia tena. Kingo zote mbili zimechorwa vizuri.

Pazia linafunguliwa. "Na dawa, unakunywaka ngapi?" Mama anafungua mkoba: paracetamol, na vidonge vingine vilivyochanganywa na kafeini, vimefungwa kwenye kipande cha plastiki. Muuguzi anavihesabu bila kukunja uso. Chini ya miraba ya kwanza anachora safu nyingine, ya siku za vidonge. Dawa ya kawaida ikinywewa siku 15 kwa mwezi, au ile ya mchanganyiko siku 10, kwa zaidi ya miezi 3, yenyewe yaweza kuwa inakilisha kichwa. Safu mbili zinakaribia kufanana. Mama anaziangalia kwa muda.

"Njo dawa inaleta?"

Muuguzi anamweleza kwamba akiiacha, siku za mwanzo kichwa kitazidi, pengine wiki nzima, kabla ya kupungua. Anamwambia arudi baada ya wiki mbili, na akiona macho yanafifia asingoje. Anachora miraba mipya, anamwomba mama ajaze mmoja mbele yake, wa leo. Halafu anavunja penseli katikati, anachonga kipande kimoja kwa wembe mpaka ncha itokeze, na kumpa.