Mpira wa Breki Hauungwi

Fundi wa pikipiki wa Lunga Lunga huunga karibu kila kitu. Stendi iliyokatika anaichomelea, kebo ya klachi iliyonyofoka kichwa anaitilia kichwa kingine cha risasi, tyubu yenye viraka vinne inapata cha tano na kurudi barabarani kabla ya adhuhuri. Jina lake limejengwa juu ya uungaji huo, na sifa anazistahili. Mimi lakini humpima kwa kitu kimoja ambacho hakubali kukiunga hata mteja akimlilia: mpira wa breki ya mbele.

Boda nyingi za huku Kwale bado zina breki za ngoma zinazovutwa kwa kebo. Kebo haina siri. Ikilegea unaikaza, ikianza kukatika unaona nyuzi zimechomoza. Zenye diski mbele zinaongezeka, na hizo zinatumia mafuta yanayopita ndani ya mpira mwembamba, kutoka kwenye masta pale usukanini hadi kwenye kalipa kando ya gurudumu. Mpira huo una maisha magumu. Ukichomoka kwenye klipu yake, unasuguana na foku kila usukani unapogeuka. Vijiti vya njia za mashambani huko Mwereni na Kikoneni vinaukwaruza. Jua na hewa ya chumvi vinaukausha hadi unafanya nyufa, na siku moja dereva anaona tone la mafuta juu ya kidole cha mguu wake, anadhani ni la injini.

Anafika kwa fundi chini ya mkorosho, anasalimia, anaomba kitu chepesi. “Mzee, nifungie tu nifike Perani, kesho nitarudi.” Fundi anaupinda mpira polepole baina ya vidole viwili, ufa unafunguka, nyuzi zilizofumwa ndani zinaonekana zimelowa. “Mwanangu, huu haufungwi. Huu unabadilishwa.” Hapo ubishi huanza, maana pembeni yake kuna gundi, kuna ukanda wa tyubu, kuna vibano vya mabomba ya maji, na jana dereva huyo huyo alimwona akiziba tanki la petroli lililotoboka.

Fundi ana haki, na hesabu yake haina mchezo. Mfaransa Blaise Pascal, katika karne ya 17, alieleza kwamba kimiminika kilichofungiwa kikibanwa, msukumo wake huenea sawasawa kila upande. Ikiwa pistoni ya masta ina kipenyo cha milimita 12 na ile ya kalipa milimita 30, nguvu inayotoka masta inafika kwenye pedi ikiwa imezidishwa mara sita na robo. Ndiyo sababu vidole viwili vinasimamisha pikipiki yenye abiria wawili na gunia la mahindi. Ukibana kwa nguvu, presha ndani ya mpira huo huzidi upepo wa tairi mara makumi. Gundi itakubali leva ikibanwa taratibu pale kivulini, itakubali mpaka njia panda, kisha itaachia siku mtoto atakapokatiza barabara mbio.

Vidole hivyo vinanikumbusha mchezo wa Ulaya wa kupanda majabali kwa pikipiki bila kutia mguu chini. Mhispania Toni Bou ametwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huo kila mwaka tangu 2007. Waendeshaji wa mchezo huo hushuka mwamba wakiwa wamesimama juu ya vikanyagio, kidole kimoja tu kikiwa kwenye leva, wakiipimia breki kwa kadiri ndogo kabisa. Ninapomwona kijana akishuka korongo lililochimbwa na masika, mama amempakata mtoto nyuma yake, naona kidole kile kile kikifanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba huyu hana kofia ya maana, wala hana wa kumpigia makofi. Anayejua uzito wa kidole kile ni fundi aliyemfungia mpira.

Kuna ubovu mwingine ambao kwa nje hauonekani kabisa, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Ngozi ya ndani ya mpira hubambuka, ikafanya kilango: mafuta yanashuka ukibana, hayarudi ukiachia. Gurudumu linabaki limeshikwa, diski inachemka, na dereva anaapa kuwa kalipa imekufa. Fundi hodari haikimbilii kalipa. Anabana leva, anaiachia, kisha analegeza kidogo bolti ya mpira kule juu kwenye masta. Gurudumu bado limeshikwa. Anaikaza, anachutama, analegeza nipo ya kalipa, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo. Mafuta yakichuruzika na gurudumu likazunguka, basi presha ilikuwa imenaswa baina ya sehemu hizo mbili, na baina yake hakuna kitu ila mpira. Amethibitisha ugonjwa kwa spana mbili na kitambaa, bila kumnunulisha mtu kalipa asiyoihitaji.

Mpira mpya pengine unatoka Ukunda au Mombasa, pengine Tanga ng'ambo ya mpaka. Kabla ya kuukaza, anageuza usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, na kuinua gurudumu ili foku zirefuke zote. Mpira uliovutika hata kidogo anaukataa, japo umesafiri nusu siku kumfikia.

Kuunga kwake, alikokunyima kwenye mpira, anakuhamishia kwenye wosha za shaba. Hizi hukaa pande mbili za kichwa cha mpira, na kazi yake ni kubonyea ili zizibe. Zilizokwisha kubanwa mara moja zimekuwa ngumu, hazibonyei tena. Mpya zisipopatikana, anazitunga kwenye waya na kuzitia kwenye jiko la makaa hadi ziwe nyekundu, halafu anazitumbukiza majini. Feleji ukiifanyia hivyo inazidi ugumu, shaba inalainika. Anazisugua juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kipande cha kioo, anazinyanyua kwenye mwanga, anazisugua tena.

Mafuta ni DOT 4 kama kifuniko cha masta kinavyoagiza, kutoka kwenye kopo linalofunguliwa siku hiyo hiyo. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na Pwani unyevu haukosekani. Yakiwa makavu hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishanywa maji, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Yanayochemka kwenye mteremko yanageuka mvuke, na mvuke unabanika. Anayetia mafuta ya injini kwa kuwa “yote ni mafuta” anazivimbisha sili za ndani, na huyo kwangu si fundi.

Kisha inakuja kazi ya kutoa upepo, kazi isiyo na chochote cha kutazamwa. Bana, shikilia, legeza nipo robo mzunguko, kaza, achia. Bana, shikilia, legeza, kaza, achia. Mrija wa plastiki unaingia kwenye chupa yenye mafuta kidogo, na mapovu yanatoka makubwa, yanapungua, yanakoma. Mwanagenzi anasema tayari. Mwalimu wake anaibana leva na kutikisa kichwa. Povu dogo limejificha pale mpira unapoungana na masta, maana upepo hupenda kupanda, na kwa hesabu ile ya sita na robo, pistoni ya kalipa husogea kidogo mno, hivyo povu hilo linatosha kuila safari nzima ya leva. Anaugeuza usukani ili masta iwe juu kuliko vyote, anaugongagonga mpira kwa mpini wa bisibisi kutoka chini kwenda juu, anaanza upya. Nimewaona wakiifunga leva kwa ukanda wa tyubu na kuiacha imebanwa usiku kucha, asubuhi imekuwa ngumu.

Mwishowe anaibana kwa nguvu zake zote, anaishikilia, anapitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Matone ya mafuta juu ya rangi ya tanki anayamwagia maji mara moja, kwani yangeibambua. Halafu anaiendesha mwenyewe kwanza, breki ya mbele peke yake, kwenye uwanja tambarare.

Wakati wa kulipa, mteja hutoa pesa ya mpira bila neno, kwa sababu mpira anaushika. Anachoomba kupunguziwa ni ufundi. Mimi naona ameshika bei kwa mkia: mpira huo angeweza kuununua yeyote, lakini lile povu la mwisho lilitafutwa na mkono uliojifunza kwa miaka. Nikimkuta dereva akivutana na fundi kwa shilingi hamsini za kazi hii, nakuwa upande wa fundi waziwazi, na namwambia dereva alipe zote kabla hajapakia abiria.