Suti ya Baba Krismasi Ilichorwa Kabla ya Kushonwa

Nguo nyingi za sherehe huanzia kwa fundi: hupima, hukata, hushona, kisha mchoraji au mpiga picha huja nyuma yake kuweka kumbukumbu. Suti nyekundu ya Baba Krismasi ilipita njia ya kinyume. Ilikomaa karatasini, kwenye magazeti na kadi za Marekani ya karne ya 19, ndipo mafundi wakatakiwa kuishona jinsi ilivyo. Ukiitazama kwa jicho la mchapishaji, karibu kila kipande chake kinaeleza kwa nini kipo.

Chanzo cha maneno ni shairi lililochapishwa bila jina la mtunzi katika gazeti la Troy Sentinel, jimbo la New York, tarehe 23 Desemba 1823. Baadaye Clement Clarke Moore alilitambua kuwa lake. Mgeni wa usiku anayeelezwa humo amevaa manyoya toka kichwani hadi miguuni, yamechafuka kwa majivu na masizi ya dohani, ana kiko mdomoni na mzigo wa vitu vya kuchezea mgongoni. Rangi ya nguo haikutajwa. Mkanda haumo, wala buti. Wachoraji waliachiwa kazi yote.

Wangeweza kurudi kwa Mtakatifu Nikolao mwenyewe, ambaye Baba Krismasi alitokana naye. Nikolao alikuwa askofu wa Mira, katika Uturuki ya leo, karne ya 4. Waholanzi, ambao huiadhimisha sikukuu yake mwanzoni mwa Desemba, mpaka leo humvika kiaskofu: kanzu nyeupe, joho jekundu, mitra yenye msalaba na fimbo ndefu iliyopinda juu. Wamarekani waliyaacha karibu yote hayo. Kwa upande wa ubunifu naona walikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa joho huficha mwili, nao walimtaka mzee ambaye tumbo lake linaonekana na anayeweza kupita dohani.

Aliyeifanya kazi kubwa ni Thomas Nast, mzaliwa wa Landau, Ujerumani, mwaka 1840, aliyefika New York akiwa mtoto. Baba Krismasi wake wa kwanza, au Santa kama Wamarekani wanavyomwita, alitoka katika gazeti la Harper's Weekly, toleo la 3 Januari 1863, Wamarekani wakiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Yuko kambini kwa wanajeshi wa Kaskazini akigawa zawadi, amevaa koti la nyota na suruali ya mistari. Bendera ya taifa imegeuzwa nguo, na ujumbe wa kisiasa hauhitaji mkalimani. Kufikia picha yake mashuhuri ya 1 Januari 1881 bendera imeshaondoka. Limebaki vazi la manyoya linalobana mwili, tumbo limetokeza, mkanda umekaza kiunoni.

Picha za Harper's zilichongwa kwenye mbao ngumu. Vipande vidogo viliunganishwa kuwa ubao mmoja mkubwa, ili mafundi kadhaa wagawane kazi na gazeti liwahi, kisha picha ikachapwa kwa wino mweusi. Hakuna nyekundu hapo. Kitambaa, ngozi na nywele vyote ni mistari: ikisongamana inakuwa kivuli, ikiachana inakuwa mwanga. Katika ufundi wa namna hiyo mkanda mweusi una kazi kubwa kuliko kushika nguo. Unaikata duara ya tumbo katikati, na jicho linapata kipimo cha unene wake. Ndevu nyeupe nazo ni nafasi iliyoachwa wazi inayouleta uso mbele.

Rangi ilipoingia, tatizo lilibadilika. Louis Prang wa Boston alichapa kadi za Krismasi kwa mawe, kila rangi na jiwe lake, na katika miaka ya 1880 Santa aliyevaa nyekundu alikuwa tayari kwenye kadi zake. Nyekundu hung'aa juu ya theluji na kando ya mti wa kijani kibichi, lakini eneo kubwa la rangi moja hummeza mtu: mkono unapotea kifuani, kofia inazama gizani. Dawa yake ni mpaka mweupe kwenye mikono, ukingo wa koti na duara ya kofia. Tena nyeupe haikumgharimu mchapishaji wino, kwa maana ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kupakwa. Mvaaji wa kanga anaijua kazi hii ya pindo: bila pindo, mji wa kanga hauna pa kuishia.

Ndiyo maana nakataa hadithi inayorudiwa kila Desemba kwamba nyekundu ilibuniwa na Coca-Cola. Kampuni ya vinywaji ya White Rock ilikuwa na Santa katika matangazo yake tangu 1915. Haddon Sundblom alianza kuichorea Coca-Cola mwaka 1931 na akaendelea hadi 1964. Alichofanya, nacho si kidogo, ni kupaka rangi za mafuta akimtazama mtu halisi, rafiki yake mstaafu, hata mahameli na manyoya vikaonekana kama vya kushikika. Baada yake, ikawa vigumu kwa mtu kumwazia Santa mwingine.

Upande wa sindano, James Edgar, mwenye duka huko Brockton, Massachusetts, aliagiza suti kwa kufuata michoro ya Nast na kuivaa mbele ya wateja mwaka 1890. Charles Howard, mkulima wa Albion, New York, alifungua shule ya akina Santa mwaka 1937, na alishona suti mwenyewe kwa sababu alizozikuta madukani hazikumridhisha. Mafundi wa suti hizo waligundua kwamba yale ya karatasini yanafaa mwilini pia. Manyoya ya mbele huficha vifungo. Buti ndefu hufunika mwisho wa suruali. Mkanda hushikilia mto wa tumboni usiteleze. Glavu, kofia na ndevu huacha macho, pua na mashavu tu, kwa hiyo mtoto hamtambui mjomba wake.

Udhaifu wa suti hii ni joto. Mahameli yenye bitana, mto tumboni na ndevu nzito vilikusudiwa majira ya theluji, na tunavivaa katika maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam wakati wa jua kali. Fundi unayepewa kazi hii, usiogope kupunguza. Tumia pamba nzito badala ya mahameli, ondoa bitana, acha mgongo wa koti upitishe hewa, na mto uwe wa sponji yenye matundu. Vitu vitatu usiviguse: nyekundu iliyokolea, pindo jeupe pana na mkanda mweusi. Hivyo ndivyo mtoto anavyoviona akiwa mbali.