Mgeni Aliyenunua Nyumba: Tahakiki ya "Bitter Lemons"

Kiswahili kina neno moja kwa mtu asiyejulikana na kwa mtu anayekaribishwa: wote wawili ni wageni. Kina na neno jingine, mlowezi, kwa mtu aliyetoka mbali akatia mizizi katika ardhi ya wengine. Na katika Afrika ya Mashariki neno hilo halitamkwi bila kukumbusha mashamba ya nyanda za juu za Kenya. Kati ya mgeni na mlowezi pana mwanya mwembamba. Katika mwanya huo ndimo vilimotungwa vitabu vingi vya Wazungu waliohama makwao wakiwa na fedha kidogo, wakaenda kukaa katika nchi ambako fedha hiyo kidogo ilihesabiwa kuwa nyingi. Vitabu hivyo husomwa kwa furaha, maana vina jua, mvinyo, majirani wachekeshaji na nyumba kuukuu inayotengenezwa hata ikapendeza. Swali ambalo aghalabu haviliulizi ni hili: unafuu huo wa maisha ulitoka wapi, na ni nani aliyeulipia?

Mwaka 1957 vilitolewa Uingereza vitabu viwili vya namna hiyo vyenye sifa kubwa. Kimoja ni South from Granada cha Gerald Brenan. Cha pili ni Bitter Lemons, yaani Malimau Machungu, cha Lawrence Durrell. Yafaa visomwe pamoja, kwa kuwa kimoja chasimulia uhamiaji uliofaulu na kingine uhamiaji ulioshindwa. Na kile cha kushindwa ndicho chenye mafunzo zaidi.

Brenan alizaliwa Malta mwaka 1894, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1920 akafikia Yegen, kijiji cha milimani kusini ya Hispania. Alikuwa na akiba ya fedha aliyoipata jeshini, vitabu vipatavyo 2,000, na nia moja tu: kuishi kwa gharama ndogo apate kusoma, maana hakupata kusoma katika chuo kikuu. Kitabu chake kinaeleza kilimo cha kijiji, sikukuu zake, posa zake, vyakula vyake na imani zake kwa subira ya mtu aliyekaa miaka mingi na kusikiliza kabla ya kusema. Hata wageni wake mashuhuri, akina Lytton Strachey na Virginia Woolf, waliomtembelea huko, wanaonekana katika masimulizi kuwa watu wa ajabu kuliko wanakijiji, na jambo hilo ni sifa kwa mtungaji.

Hata hivyo kitabu hicho kina pengo. Mwaka 1931 msichana wa kijijini aliyekuwa mtumishi wa nyumba alimzalia Brenan mtoto wa kike; mtoto huyo alitwaliwa kwa mama yake, akalelewa na Brenan na mkewe, Gamel Woolsey. Katika South from Granada jambo hilo halisimuliwi. Mtungaji anayeeleza desturi za uchumba wa kijiji kizima kwa kituo na utulivu anauruka uhusiano mmoja ambao ndani yake fedha yake, elimu yake na ujinsia wake vilikuwa na nguvu juu ya mwenyeji. Kwa akiba yake alijipatia si nyumba tu, bali na cheo ambacho hakuwa nacho kwao. Kitabu kinafaulu kwa sababu kijiji hakikupewa nafasi ya kumjibu.

Saiprasi ilikuwa kisa kingine, kwa sababu huko wenyeji walijibu.

Durrell alizaliwa India mwaka 1912. Kabla ya mwaka 1953 alikuwa amekwisha kuishi Corfu, Misri, Rhodes na Belgrade, na katika miaka mingi ya hiyo alikula mshahara wa idara za habari za Uingereza. Alipofika Saiprasi mwaka 1953 alikuwa ameacha kazi hiyo, naye alitaka mahali pa kuishi kwa uchache wa fedha ili aandike. Alijua Kigiriki. Akachagua kijiji cha Bellapais, juu ya mji wa Kyrenia, kando ya magofu ya nyumba ya watawa ya karne ya 13, akanunua nyumba kwa paundi 300.

Sura inayosimulia ununuzi huo ndiyo iliyokipatia kitabu sifa, nayo inastahili sifa hiyo. Sabri, dalali wa Kituruki, ameketi katika ofisi yake bila haraka yoyote. Mwuzaji, mke wa mshona viatu, amekuja na ufunguo mkubwa. Dalali anaipigisha ufunguo mezani na kuitukana nyumba; mwanamke anaisifu; dalali anamdhihaki; mwanamke anatoka kwa hasira na kurudi tena. Baada ya makelele na machozi bei inakatwa, ndipo wote wanakimbilia ofisi ya ardhi kabla jamaa za mwuzaji hawajapata kuyavunja mapatano. Mtu yeyote aliyepata kuona dalali wa pwani akifanya kazi yake ataitambua tamthilia hiyo mara moja. Mazungumzo ni mafupi, kila mtu ana sauti yake, na mtungaji anajiweka pembeni kama mjinga asiyejua kinachotendeka.

Lakini huo ujinga wa kujitakia ndio hila ya sura yenyewe. Mnunuzi anakaa kimya, dalali anasema kwa niaba yake, na msomaji anacheka pamoja na upande ulioshinda. Mwanamke anayeuza anabaki kuwa makelele tu. Kwa nini aliuza, jamaa zake walikuwa na haki gani katika nyumba ile, na paundi 300 zilimfikisha wapi, hayo hayaelezwi. Ucheshi umefanya kazi ya pazia. Msomaji akiisoma sura hiyo mara ya pili atagundua kwamba furaha yake yote ilitegemea yeye kutomfuata mwanamke huyo hadi nyumbani kwake.

Tukio jingine lafaa kutazamwa. Katika duka la mvinyo mkulima mmoja mlevi anamkabili mtungaji kwa maneno makali juu ya Waingereza. Durrell anajibu kwamba ndugu yake alikufa Thermopylae akipigana bega kwa bega na Wagiriki. Mlevi ananywea, watu wanamheshimu mgeni, urafiki unaanza. Neno hilo lilikuwa la uongo. Ndugu zake Durrell walikuwa hai. Mtungaji haufichi uongo huo kwa msomaji, bali anausimulia kama werevu wa mtu ajuaye njia za kuingia katika mioyo ya wenyeji. Na kweli ulimfaa. Lakini mlango wa ukarimu wa kijiji ulifunguliwa kwa damu isiyomwagika, na miaka mitatu baadaye damu iliyomwagika kweli ndiyo iliyoufunga.

Fedha haikutosha. Nyumba kuukuu hula fedha, naye Durrell akaenda Nicosia kufundisha Kiingereza katika shule kubwa ya Wagiriki, Pancyprian Gymnasium, huku akiandika riwaya yake Justine kabla ya mapambazuko. Mwaka 1954 akakubali kazi ya kuongoza idara ya habari ya Serikali ya kikoloni. Katika kitabu hatua hiyo imepitishwa kwa wepesi, kama kwamba ni ajali ya mfuko mtupu. Kumbe ndicho kiini cha habari yote. Methali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, maana yake ashike kazi ya wenyeji apate kuwa mmoja wao. Siku ya tatu ilipomfikia, Durrell aliishika kalamu ya Serikali.

Dibaji yake yadai kwamba kitabu si cha siasa. Ardhi aliyoikalia ilikuwa ya siasa tangu zamani. Uingereza ilianza kukitawala kisiwa mwaka 1878 na kukifanya koloni kamili mwaka 1925. Mwaka 1931 wenyeji waliichoma nyumba ya Gavana. Na Januari 1950, katika kura iliyosimamiwa na Kanisa, asilimia 96 hivi ya Wagiriki waliopiga kura walitaka kuungana na Ugiriki. Mtu aliyejua lugha yao hakukosa kuyasikia hayo. Aprili 1955 jeshi la siri la EOKA lilianza vita. Novemba mwaka ule ule hali ya hatari ilitangazwa, kama ilivyotangazwa Kenya Oktoba 1952. Na Machi 1956 Askofu Mkuu Makarios alihamishwa kwa nguvu hadi Shelisheli, katika Bahari ya Hindi. Katika maelezo ya Durrell uasi huu waja kama homa iliyoingia kutoka nje na kuwapotosha watu wema waliompenda Mwingereza. Aliyapima mapenzi yao kwa ukarimu waliomfanyia. Hakufahamu kwamba mtu aweza kumpenda mgeni wake na kuuchukia utawala wa mgeni huyo, na kwamba mwenye mapenzi hayo mawili si mnafiki.

Kurasa za mwisho hata hivyo zina ukweli ambao mtungaji hakuukimbia. Tarehe 10 Mei 1956 kijana Michalakis Karaolis, aliyekuwa karani wa Serikali, alinyongwa. Katika siku hizo Durrell anapanda Bellapais kuchukua vitu vyake. Kijiji kilichokuwa kikimwita kila kona kimenyamaza, macho yanainamishwa, hapana anayemtukana, wala hapana anayemsalimu. Hapo lugha ya mtungaji, ambayo katika sura za mwanzo imejaa rangi na mifano, yapungua mapambo. Kimya hicho ndicho usemi wa kwanza wa wenyeji katika kitabu ambao dalali hakuutafsiri na ucheshi haukuufunika. Agosti 1956 akaondoka kisiwani. Ukurasa wa kimya unakiokoa kitabu, kwa kuwa unaishtaki sura ya ununuzi bila mtungaji kukusudia.

Maneno yalikuja baadaye. Rodis Roufos, aliyekuwa katika ubalozi mdogo wa Ugiriki huko Nicosia, alitoa mwaka 1960 riwaya The Age of Bronze, inayoitazama vita ile kwa macho ya Wagiriki na kumpinga Durrell. Mwaka 1964 mshairi wa Saiprasi, Costas Montis, alitoa Milango Iliyofungwa, kisa cha jamaa moja katika miaka ya vita, akakusudia kiwe jibu kwa Bitter Lemons. Jina hilo peke yake ni uhakiki. Mgeni aliandika juu ya mlango aliounua. Mwenyeji akaandika juu ya milango ambayo mgeni hakupata kuingia. Katika vyuo vingi cha Durrell husomwa peke yake, kwa kuwa Kiingereza chake ni kizuri mno. Uzuri huo ni halali usifiwe. Lakini kukisoma bila Montis ni kusikiliza kesi ya ardhi kwa kumwita shahidi mmoja.

Na neno kesi ya ardhi si mfano tu. Saiprasi ilipata uhuru mwaka 1960, ikagawanyika mwaka 1974 majeshi ya Uturuki yalipoingia, na Wagiriki wa Bellapais wakapoteza nyumba zao. Wilaya ile ya Kyrenia ikapata tena wageni wenye akiba ndogo, waliovutiwa na bahari na bei nafuu. Mume na mke mmoja Waingereza walijenga nyumba Lapithos, juu ya kiwanja ambacho mwenyewe, Msaiprasi wa Kigiriki, alikikimbia mwaka 1974. Mwenye kiwanja alishtaki Nicosia, akapewa hukumu kwamba nyumba ibomolewe na ardhi irudishwe. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hukumu hiyo yapasa kutambuliwa katika nchi nyingine za Umoja, na Januari 2010 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaifuata. Swali ambalo sura ya dalali Sabri ililifunika kwa kicheko liliulizwa hatimaye mbele ya majaji: kwa nini ardhi hii ilikuwa rahisi?

Si haki kumtwika Durrell makosa ya watu waliokuja baada yake. Nyumba yake aliinunua kwa hati, kwa mwuzaji aliyekubali, na kitabu chake kina huruma ambayo wengi waliomwiga hawana. Kosa lake ni la kisanaa kabla ya kuwa la kisiasa: aliitazama bei kama jambo la bahati, na wenyeji kama zawadi iliyofuatana na nyumba. Hadithi ya mtu anayehama na fedha kidogo haiwezi kuwa kamili mpaka imfuate mwuzaji pia, imwonyeshe akihesabu paundi zake na kutafuta paa jingine. Msomaji wa Lamu, ambako nyumba nyingi za mawe za mji wa kale zimepita mikononi mwa wageni, hahitaji kuelezwa jambo hilo. Yeye huijua sura ambayo Durrell hakuiandika, ile inayoanza mnunuzi akiisha kupewa ufunguo.